Mashua Yako Imeshuka Mlimani, Baba Rogath

Ni mwaka sasa, Baba Rogath, tangu ulipotutoka Ijumaa ile ya Kwaresima, ukaiacha mashua yako uani, imekamilika, migomba imeizunguka pande zote. Familia imeniambia niandike mimi mkeo, eti kwa sababu mimi ndiye niliyekusema sana ulipokuwa hai. Sawa, naandika.

Kibosho nzima walikujua kama fundi wa madawati, vitanda na mabenchi ya kanisa. Hukumsubirisha mfiwa, jeneza ulilimaliza hata kama ulikuwa na homa. Ulipenda kunusa ubao kabla ya kuupiga randa. Penseli uliisahau sikioni hadi misani, ukaenda nayo kupokea komunyo, na baba paroko akacheka waziwazi.

Lakini moyo wako ulibaki Tanga. Huko ulifanya kazi karakana ya bandarini ukiwa kijana, kabla ya Uhuru, kisha ukarudi kurithi kihamba, shamba la migomba la baba yako. Bwawa la Nyumba ya Mungu kule chini ya mlima lilipojaa ulisema, "Maji yametufuata, Mama Rogath." Ukaanza kuunda mashua. Umbo ulilichukua kwa wazee wa Tanga, lakini ulivyoliunda ni kwa mtindo wa kisasa: badala ya mbao nene na kalafati ya pamba ya kuziba nyufa, ulikunja vipande vyembamba vya mti wa mringaringa ukavigandisha kwa gundi, tabaka juu ya tabaka, hadi ubavu wake ukawa laini kama kibuyu. Watu walikuita Nuhu. Nami nilicheka pamoja nao, ingawa tanga nililishona mimi, kwa cherehani ile ile ya sare za shule.

Na wewe uliyepima kila kitu, ulisahau kupima njia! Kichochoro cha kutokea kwetu kinatosha ng'ombe na mtu anayemswaga, basi. Upande wa juu kuna mfereji, kando kuna makaburi ya wazee. Njia iliyobaki ni upande wa chini tu, na huko ni kwa kaka yako Sirili, ng'ambo ya mstari wa masale, mimea yetu ya mpaka.

Masale hayo ndiyo yaliyowatenga. Baba yenu alipozikwa, Sirili aliyasogeza yakaimeza migomba yetu, mkaacha hata kusalimiana. Balozi wa nyumba kumi alisema haki ni yako, nenda ukashtaki barazani. Fundi mwenzako Basili alikushauri uikate mashua vipande viwili, ukamtazama kama mtu aliyekuambia umkate mtoto.

Kisha daktari wa Moshi akakueleza habari za moyo wako. Ulikuwa na hamu moja tu, kuiona mashua majini kabla hujafa, na mimi nilijua, ingawa hukuitamka. Nikadhani sasa utakwenda barazani. Hukwenda. Asubuhi moja ulichuma jani la sale kwenye mstari ule ule wa ugomvi, ukalifunga fundo, ukabeba na kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, ukaenda kumwomba kaka yako msamaha. Kwetu jani hilo halikataliwi. Nilikasirika sana.

"Wewe ndiye uliyekosewa, na wewe ndiye unayekwenda na sale?"

"Nikishinda kesi nitapata migomba," ulinijibu. "Kaka nitampata wapi?"

Ulirudi unaimba. Nikakuuliza kama umemwomba njia.

"Bado. Nikimwomba leo, ataona nilikwenda kwa ajili ya mashua. Acha undugu ushike kwanza."

Basi kila asubuhi mliamkiana juu ya masale. "Shikamoo, kaka." "Marahaba, mdogo wangu." Mkaongea kahawa, mkaongea mvua. Mashua hakuna aliyeitaja. Mwezi haukuisha, moyo wako ukasimama.

Jioni ya mazishi Sirili alikuja akaketi jikoni kwangu. "Shemeji, nilikuwa namsubiri aniombe njia. Jembe la kung'olea masale nilikwisha kulinoa. Kila siku nasema, leo atasema. Mbona hakusema?" Nikamweleza ulivyoniambia. Mzee yule alilia kwa sauti mbele ya wanawake. Nami nililia, Baba Rogath, na sikufichi, nililia kwa hasira. Neno moja tu lingetosha, na ninyi wawili mlistahiana hadi kifo kikawawahi.

Msiba ulipokwisha aliwaita wazee wa ukoo, akayang'oa masale kwa mikono yake, kisha akayapanda upya pale alipoyapanda baba yenu. Mashua ilipita shambani kwake mabegani mwa wanaume hadi kwenye lori barabarani.

Bwawani alitupokea Primus, rafiki yako wa Tanga anayevua hapo siku hizi. Yeye ndiye aliyesimamisha mlingoti. Kaka yako hajui kuogelea, na hajawahi kuingia maji yanayozidi ya mfereji. Tulimsihi abaki ufukoni. "Angekuwa hai ningemsindikiza," alisema, "basi namsindikiza." Akaingia, akaketi mwisho kabisa wa ubao wa kukalia. Primus akamwambia asogee katikati, mashua isiegemee upande mmoja.

"Hapo ni pa mdogo wangu," alisema, na hakusogea.

Primus akahamia upande wa pili. Upepo ukalijaza tanga, mashua ikaenda, haikuingiza hata tone la maji.

Unakumbukwa na mimi mkeo, Salvina. Wanao Rogath, Redempta na Filbert. Kaka yako Sirili. Dada yako Margareta. Wajukuu wako, na ukoo wote wa Temba. Pumzika kwa amani, Nikodemo wetu. Tutakukumbuka siku zote za maisha yetu.