Kofia Tatu za Twiga

Kwako mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, na umpe mama za kwake kabla hajauliza. Natumai barua hii inakukuta umeketi, maana nasikia siku hizi unaketi sana. Dada alinieleza kwamba mpira umeusukuma chini ya kitanda, ngazi unapanda ukishika ukuta, na mama anakupikia chakula kisicho na chumvi. Hayo nitayarudia. Mimi ni mzima, ila mafua ya vumbi la stoo hayajaniacha tangu nianze kazi ya kutunza kofia na buti za jeshi letu tukufu.

Ningekupigia, lakini simu zetu zimekusanywa kwenye ndoo ya plastiki. Meja ametuambia ni kwa ajili ya kulinda siri za jeshi. Jeshi hili lina siri moja tu, nami naiandika hapa, kwa kuwa barua inabebwa mkononi na tabibu wa kambi. Anakwenda likizo, na hana tabia ya kufungua vya watu.

Najua ulilitazama lile gwaride la kumpokea mgeni wa taifa. Dada anasema ulisimama mbele ya televisheni ya jirani mpaka wenye nyumba wakakuomba usogee. Uliona kikosi cha mizinga na kofia zao nyeusi, wakafuata wahandisi wenye kofia za kijani, kisha wale wa kuruka angani kwa miamvuli, wenye kofia nyekundu, na hao ndio waliokuteka roho. Sasa tulia nikwambie. Hao wote ni watu walewale.

Wakishapita jukwaani, kifua mbele, wanakata kona nyuma ya karakana, na hapo wanatimua mbio mpaka mlangoni kwangu kama kuku waliomwagiwa maji. Nawapokonya kofia nyeusi, nawarushia za kijani, wanafuta jasho kwa kiganja, wanajipanga, wanatokea upande wa pili taratibu, kama watu ambao hawajawahi kukimbia maishani. Bendi inavuta wimbo kuwasubiri. Umekuwa ukiwatambia rafiki zako kwamba kaka yako yuko kitengo nyeti. Ni nyeti kweli. Nikichelewa kidogo, theluthi mbili za jeshi hazipo.

Kasoro ilikuwa Twiga. Huyo ni askari mrefu ambaye shingo yake imeikataa kila kola niliyomjaribishia, na hakuna kofia inayoweza kumficha. Alipopita mara ya tatu, mgeni aliinama akamwuliza Jenerali kama yeye mgeni anaona sawasawa. Jenerali akamgeukia Meja. Meja hana akili ya haraka ila pale uongo unapohitajika. Akasema hao ni mapacha watatu wa mama mmoja, na wote wamejitolea kwa taifa. Mgeni akatoa kitambaa akajifuta macho. Jenerali, anayelijua jeshi lake kama mfuko wa suruali yake, akajifuta pia, na jioni akaagiza mama wa mapacha atunukiwe nishani. Mama yake Twiga ana mtoto mmoja, mvivu, na ndiye huyo. Alipopelekewa nishani alimwuliza mwanawe wale wawili wengine aliwazaa lini, maana yeye hakumbuki.

Tulicheka mpaka mpishi akaunguza maharage. Kicheko kikakatika pale Mkuu wa nchi alipotazama mkanda wa gwaride. Akasema jeshi kubwa namna hii haliwezi kukaa linakula bure wakati jeshi la nchi jirani limepiga mahema kwenye vilima vyetu. Akaamuru kofia nyeusi ziende kilima cha kaskazini, za kijani zikalinde daraja, nyekundu ziende kilima cha kusini, na kila mahali apelekwe pacha mmoja kuwatia wenzake moyo.

Hapo ndipo alipotakiwa mtu mmoja tu wa kusema ukweli. Wakubwa wote walikuwa mezani, wale wenye nishani zinazogongana wakipiga chafya. Dereva wa Jenerali alikuwa amesimama mlangoni, na ndiye aliyetuhadithia. Anasema Jenerali alifungua mdomo, wote wakamgeukia, kumbe anaomba aongezewe chai. Baada ya hapo wakaanza kugombea nani atapanda gari lenye kiyoyozi.

Basi, wakaona ni rahisi kutafuta vichwa vya kuzijaza kofia kuliko kukiri kwamba ni tupu. Ndiyo maana lile lori lenye spika lilikuja mtaani kwetu kuandikisha vijana. Nimewaona vijana waliochukuliwa. Wanafundishwa kutembea kwa mstari, kupiga saluti na kupanda lori. Bunduki wanachorewa ubaoni, kwa kuwa zenyewe zilipakwa rangi mpya kwa ajili ya gwaride na Meja hataki zikwaruzwe. Hao wako wa miamvuli hawana mwamvuli hata mmoja. Uliokuwepo, mke wa Meja ameufanya pazia la sebuleni, na limempendeza.

Wewe nawe ukapanga foleni. Ulinipigia ukiwa na furaha, ukasema nisithubutu kukukataza, maana hata mimi nakula mkate wa jeshi. Sikukukataza. Nakujua tangu unatambaa. Ningekukataza ungekwenda mbio zaidi.

Sasa nifike kwenye lile ninalolizunguka tangu mwanzo. Tabibu aliyekuwekea chombo kifuani pale uwanjani, akakunja uso, akakuambia moyo wako unaruka mapigo na hufai jeshini, ndiye huyu aliyekukabidhi barua hii. Moyo wako hauruki kitu. Mimi ndiye niliyemwomba aseme hivyo. Huwa tunacheza naye drafti. Akasema hiyo ndiyo tiba pekee atakayotoa mwaka huu bila kukosa dawa. Nilidhani utanuna siku mbili tatu, kisha urudi kwenye ufundi wako wa pikipiki. Sikujua utaamini kiasi cha kulala chali umeshika kifua, wala kwamba mama atakuwa anasimama mlangoni kusikiliza kama unapumua. Hapo nilikosea vibaya, na naomba mniwie radhi, mama kuliko wewe. Mpe tabibu kiti, akupime upya mbele ya mama.

Nimekuanzia mbali kwa sababu najua ukishajua u mzima hakuna wa kukuzuia. Lori litarudi, na safari hiyo litakuja na tabibu mwingine. Uamuzi nimekuachia.

Limebaki dogo. Vichwa bado havitoshi, kwa hiyo wameanza kuchukua wapishi, wapiga tarumbeta na watu wa stoo. Nimepewa kofia nyekundu, kilima cha kusini, pamoja na Twiga, ambaye ameteuliwa kuwa pacha wa huko na anailaani shingo yake mchana kutwa. Nimejitazama kwenye kioo cha stoo nikaona jogoo aliyeonewa na wenzake. Mama mwambie nimehamishiwa stoo nyingine yenye hewa safi. Buti zinazovuja nitazivumilia, na Meja nimeshamzoea. Nisichoweza kukivumilia ni kugeuza shingo kwenye mstari nikaliona sikio lako chini ya kofia nyekundu.

Msalimie dada, na mafundi wenzako wote, hata yule aliyeazima spana yangu akadai ni yake. Utoe mpira chini ya kitanda, ukacheze mahali ambapo mama anakuona. Mwambie na chumvi airudishe.

Ni mimi kaka yako,
mtunza kofia, kwa sasa mvaa kofia.