Sahani ya Mama Yake Linda

Jumamosi, mwisho wa Oktoba

Kumbe Wapagani hawaamini hata kwamba shetani yupo. Miaka miwili nimemwepuka Linda, jirani yangu hapa ughaibuni, mjini Crystal, tangu aniambie kwamba yeye ni Mpagani. Nikimwona na wenzake wakiwasha moto nyuma ya nyumba, nilikuwa navuta pazia.

Leo alinikuta nakusanya majani makavu, akanikaribisha chai. Mezani palikuwa na sahani ya mkate na tufaha ambayo hakuna aliyeigusa.

"Hiyo ni ya mama," akasema. Mama yake alikufa zamani. Akanieleza kwamba wao husherehekea majira yanapobadilika. Wengine wana miungu kadhaa, wengine huheshimu ardhi tu, na wiki hii, mavuno yakiisha, huwaandalia wafu wao chakula.

Kisha akaniuliza, "Wewe ungemwekea nani?"

Nikamkumbuka nyanya yangu. Hakuwa akinywa uji kabla ya kuwamwagia marehemu wazazi wake kidogo chini. Nikiwa na miaka kumi nilimsemea kwa mchungaji, nikapongezwa. Yeye akanyimwa meza ya Bwana mwaka mzima. Na bado kila asubuhi kikombe cha kwanza alinipa mimi.

Sijui mchungaji wangu wa hapa akisikia atasema nini. Kusema kweli, naogopa.

Jioni nimepika uji wa wimbi, nikatoka nje na kikombe cha kwanza. Nyanya alikuwa akimwaga kidogo tu.

Mimi nimekimwaga chote.