Deraya Iliyopwaya Mabegani

Mama mpendwa,

Deraya ni vazi la chuma ambalo askari wa kale alilivaa kuukinga mwili wake; hupimwa kwa mwili wa mtu mmoja, wala halimkai mwingine. Naanza na maana hiyo kwa sababu ndiyo iliyonipa shahada. Naam, Mama, nimefaulu! Lakini kwanza, hujambo? Goti linakuruhusu kufika sokoni Rodi Kopany? Mimi ni mzima, ila baridi ya Uholanzi bado haijanizoea.

Tasnifu yangu ilihusu picha moja ya rangi: kijana amesimama ndani ya deraya, upanga mkononi, macho mekundu. Wote walioieleza kabla yangu walisema anakwenda vitani. Mimi niliandika kwamba yumo msibani. Profesa aliyeongoza watahini akakunja uso.

"Bi Akinyi, nani huomboleza akiwa amevalia vita?"

"Baba yangu," nikajibu.

Nikawasimulia mazishi ya Babu. Wewe ulikuwa umeolewa kutoka Ukuria, hukuwa umewahi kuona tero buru, ile desturi ya Wajaluo ya kushika mikuki na ngao kufukuza mauti. Wanaume walipotoka mbio wakipiga kelele, ulitusukuma ndani, ukatia komeo. "Vita! Laleni chini!" Shangazi akaja dirishani, kicheko kimemkaba, akikuita binti wa Wakuria kwa Kijaluo: "Nyar Kuria, fungua! Ni mumeo huyo, anamlilia baba yake!" Ukachungulia, ukamwona Baba ndani ya ngozi ya vita ya Babu. Ukasema, "Mbona ngozi imemmeza?"

"Kosa lako, Profesa, ni kosa la mama yangu," nikamwambia, "naye alilisahihisha kwa kuchungulia." Nikawaonyesha mabega: deraya inampwaya kijana. Mchoraji aliyechora kila msumari kwa usahihi hakushindwa kupima mabega. Deraya ni ya marehemu. Profesa akainuka, akaisogelea picha, akayakagua mabega. Kisha akacheka, akawa wa kwanza kunipa mkono.

Nisalimie Shangazi, na mdogo wangu anayefundisha Homa Bay. Baba mwonyeshe nakala ya picha niliyoitia humu, umuulize lile ambalo tasnifu yangu haikulijibu: siku ile, ndani ya ngozi ile, alikuwa yeye akimlilia Babu, au alikuwa Babu akituaga?

Binti yako,
Akinyi