Ile Picha ya Mama Yako

Kabungu,
Mpanda,
Katavi.
14 Juni, 2025.

Mpwa wangu mpendwa Dafrosa,

Anayekuandikia ni mwenyewe Doto, mpiga picha namba moja wa mkoa mzima wa Katavi, ambaye kiboko wa mtoni alimgeuzia shingo ili apigwe picha na upande wa pili. Hujambo mama? Mjukuu wangu Queen ameanza kucheka? Uzazi umepoa vizuri? Huko Masasi kwema? Sisi tupo. Mahindi tumevuna, ila nyumba imekuwa kimya tangu mama yako aondoke.

Wiki iliyopita ulinipigia, ukasema ile picha ya mama niliyokutumia siku ya msiba umeikuza, umeitundika ukutani, na kila asubuhi unaiamkia shikamoo huku umembeba Queen. Ukasema fundi aibandike na kwenye msalaba wa kaburi. Nikaitika sawa mama, nikakata simu. Tangu hapo ugali haupiti. Nakuomba fundi asubiri kwanza.

Unajua nina programu saba kwenye simu. Ya kulainisha ngozi ipo, ya kufuta takataka nyuma ya mtu ipo, ya kubadili mbingu ipo. Nina picha nimesimama mlangoni kwetu hapa hapa Kabungu, nyuma yangu theluji. Watu wanauliza nilisafiri lini.

Basi siku ya msiba, jirani yetu Getrude akanijia mbele za watu. "We Doto, si unajifanya fundi? Lete picha ya pacha wako tuweke kwenye fremu, padri yuko njiani!" Nikamjibu ninazo elfu moja, kazi yake ni kuchagua tu.

Nikaingia chumbani kwa mama yako, nikafungua simu. Mimi na pikipiki ya Ponsian. Mimi kule kijijini Mamba, katikati ya mpunga. Mimi kule Ikola ziwani, nimeshika samaki wa kuazima. Nimepekua mpaka mwisho, dada yangu hayumo hata moja. Si yeye ndiye alikuwa anashika simu! Nikimwambia zamu yako, anasema sijasuka, tutapiga Krismasi. Kisha ananipigia kelele, "Simama sawa we Doto, tumbo ndani!" Nikaona kitambulisho chake kitasaidia. Kumbe kimekaa miaka kwenye pindo la kanga, jasho limekula sura yote.

Unakumbuka alivyokuwa hajui kushika simu? Kidole chake gumba kilikuwa kinatokea kwenye kona ya kila picha, na mimi nakifuta kwa programu nionekane peke yangu. Miaka minne nakifuta.

Moja ilinipita. Nimeitoa kwenye karatasi pale mjini, imo ndani ya bahasha hii. Huyo aliyekaa na jembe ni mimi, achana naye. Tazama kona ya chini, pale penye wekundu na ukucha uliopasuka. Huyo ndiye mama yako.

Msalimie sana mumeo Onesphore, mwambie ile miwani yake bado ninayo. Heri na Lidia wanakusalimu, na Getrude pia. Mungu akutunze wewe na mtoto, maziwa yasikukaukie, na siku ukija nyumbani barabara iwe kavu.

Nimemaliza karatasi na bado sijasema.

Siku ile nilijifungia mlango. Nikanyoa ndevu zote, nikafunga kile kilemba chake cha kijani, nikasimama karibu na dirisha. Programu ikanilainisha mashavu, ikanipunguza pua kidogo. Watu walilia sana mbele ya fremu ile, Dafrosa. Hata jirani Celestin alisema hajawahi kumwona marehemu akipendeza vile. Na mimi nililia, lakini nilikuwa nimeinamisha uso wasije wakatulinganisha.

Huyo unayemwamkia kila asubuhi ni mimi.

Wako akupendaye, na anayeona haya,
Mjomba Doto