Jozi ya Makumi

Dada mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba kikohozi cha mtoto kimekwisha. Sisi hatujambo. Mama goti bado linamsumbua, ila mdomo hauna tatizo lolote. Amenituma nikuambie kwamba ile picha ya mtoto ameiweka juu ya friji, na kwamba siku hizi Baba anakwenda kunywa maji jikoni mara nyingi kuliko kiu ya mtu mmoja.

Kazini ni yaleyale: lifti inakwama, watu wanapiga kelele ndani, mimi nafungua. Habari ya maana ni moja tu, nayo ni ya yale mashindano ya poka. Nilikuandikia kwamba nikipata tiketi nitakuja kwako. Siji. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Tulicheza Jumamosi mchana, katika ukumbi wa chini wa hoteli iliyo karibu na stesheni, Baba na mimi pamoja na watu wengine wengi. Zawadi ilikuwa nafasi nane za fainali, na fainali inachezwa katika mji wako: tiketi ya treni na chumba cha hoteli, vyote vimelipiwa. Wa kwanza na wa nane wanapata kitu kilekile. Wa tisa anapata kupeana mkono na mwandaaji.

Kwa hiyo tulipobaki tisa, mchezo uligeuka. Hakuna aliyetaka kushinda. Kila mmoja alitaka tu mwenzake adondoke. Mwalimu wa udereva, aliyekaa kushoto kwangu, alikuwa anatafuna kifuniko cha kalamu. Mama mmoja mfamasia, mwenye mlima wa chipu za kuwekea dau mbele yake, akasema tumekaa kama wagonjwa wa meno na daktari mwenyewe hajafika. Dau la lazima lilikuwa linazunguka meza, na kila lilipokufikia lilikula chipu zako hata kama hukucheza. Mwenye chipu chache kuliko wote alikuwa Baba. Aliyefuata nilikuwa mimi.

Unamjua Baba kwenye karata. Pale ukumbini wanamwita Breki, na si kwa sababu ya kuendesha treni tu. Ndiye aliyetufundisha, kwenye meza ya jikoni, kwamba karata mbaya haina hatari kwa sababu utaitupa, na karata kubwa itajitetea yenyewe. Ya kuogopa ni ile ya katikati, nzuri kiasi cha kukutia kiburi. Ukiwa umekaribia tiketi, alikuwa akisema, hiyo itupe, waache wengine wagongane.

Ikafika zamu yetu. Wote walitupa mpaka kwa Baba, naye akasukuma katikati chipu zake zote. Baada yake nilibaki mimi peke yangu. Nikainua pembe za karata zangu nikaona kumi na kumi.

Nikimfuata kwa chipu zangu nikashinda, Baba anatoka, na sisi wanane tunasimama na tiketi zetu. Nikimfuata nikashindwa, nabaki na chipu mbili tatu za kuagia. Nikitupa, yeye anapumua na mimi ndiye ninayekuwa wa mwisho mezani. Mwalimu wa udereva akaninong'oneza kwamba taa imekuwa kijani zamani, nimgonge tu mzee, nyumbani tutapatana. Mfamasia akamwambia amwache mtoto wa watu afikirie. Mgawaji akawakumbusha wote wawili kwamba hapa hakuna ushauri.

Nikatupa. Mgawaji akazifagia karata zangu bila kuzifunua. Baba akavuta chipu zake bila kunitazama, na mtu mmoja akasema kwamba kijana amelelewa vizuri. Wakacheka.

Dau liliponirudia sikuwa na pa kujificha. Nilisukuma zote nikiwa na ree na sita. Mfamasia akanifuata na jozi ya wafalme. Nikapeana mkono na mwandaaji. Ana mkono laini.

Tulipokuwa tunatembea kurudi nyumbani, Baba aliniuliza nilikuwa na nini ile mara aliposukuma. Nikamwambia saba na nne. Akasema basi nilitupa vizuri, ila hiyo ree na sita ni karata ya mtu aliyechoka kuishi.

Sasa, Dada, neno lenyewe. Sikutupa makumi yale kwa kufuata mafundisho ya Baba. Angekuwa mtu mwingine, ningemfuata bila kupepesa macho. Kabla hajasukuma, Baba alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati. Wewe na mimi tunajua maana yake. Tangu tuko wadogo, akiwa hana kitu mkononi na anataka tuamini anacho, hufuta miwani. Nilijua nimemshika. Lakini nilijua pia kwamba Breki, ambaye hajawahi kuhatarisha chipu moja bila karata, ameweka zote katikati kwa takataka ili afike mji wako.

Miaka yote hii anasema hawezi kumfuata mtoto aliyeolewa bila kumwambia baba yake. Wewe unasema humwiti mpaka aombe. Treni ipo kila siku, na wastaafu wa reli hawalipi nauli. Alichokosa ni sababu.

Kwa kanuni za mchezo, kumwachia ndugu ni udanganyifu, nami siupambi kwa jina jingine. Angedondoka mwingine badala yangu, nisingekuwa na la kujitetea. Nimedondoka mimi, basi.

Anaondoka Alhamisi. Jana alimuuliza Mama mtoto wa miaka mitatu anavaa kiatu namba ngapi, eti ni kwa ajili ya mjukuu wa jirani. Mama akamjibu kwamba jirani hana mjukuu. Lakini kwamba atakuja kwako, hajasema, na hilo ndilo linaloninyima raha. Nikifumba macho namwona anazunguka mtaa wenu na mfuko wa viatu, kisha anarudi zake hotelini.

Akibisha, atasimama hapo mlangoni na kukuambia kwamba amekuja mjini kucheza karata, ameona apite tu, hana muda wa kukaa. Usibishane naye. Mtazame mikono. Akivua miwani na kuanza kuifuta, mpishe aingie.

Msalimie shemeji, na mtoto mwambie mjomba wake atakuja kwa nauli yake mwenyewe. Mama anakusalimu sana. Hayo makumi mawili yabaki kati yako na mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Lifti