Runji wa Kanja, Mume wa Igoki

Mwaka umekatika, Baba, tangu ututoke, na tuseme ukweli: Mama bado ana wivu juu yako.

Watu wa Kanja walikuita Komredi. Jina hilo Mama alilichukia kuliko baridi ya Julai. Shamba kubwa lilipoleta mashine za kuchuma chai na kuwafukuza wachumaji, wenzako walitaka kuzitia moto. Ukawakataza. "Mashine haina dhambi," uliwaambia. "Dhambi ni kuwa ya mtu mmoja." Mkachanga, mkanunua yenu, ikawa inazunguka shamba kwa shamba kwa zamu. Zamu yetu ukaiweka ya mwisho, kila mara! Majani yetu yakakomaa mpaka kwenye kituo cha kununulia chai wakayakataa.

"Huo ukomunisti wako," Mama akafoka, "mbona unaanzia kwa majani yangu?"

Ukacheka. Ukamwambia hata wazee wetu walilimiana kwa ujima, kabla ya mtu kuandika kitabu. "Wazee walikuwa na wake wao pia, na hawakuwaweka mwisho," akakujibu.

Na Wambeti je, yule mwanamke katibu wa kikundi chenu cha mashine? Alikuja na daftari lake, nawe ukamweleza hadi sahani yako ya githeri ikapoa: kwamba mchumaji analipwa kwa kilo, lakini bei ya kilo inapangwa na mtu asiyewahi kushika jani, na siku hizi hata kijana wa bodaboda mjini Embu anaamriwa na simu, tajiri wake hamjui kwa sura. Mama alisikiliza akiwa jikoni, roho inamuuma. Si kwamba hakuelewa. Alielewa sana. Alitaka umweleze yeye.

Siku moja akakuuliza, "Mimi ni wako, au ni wa kikundi?" Ukasema, "Mtu si mali, Igoki." Ai, Baba! Siku tatu hakukusemesha.

Wiki iliyopita kikundi kilitaka kukusimamishia jiwe la kaburi. Wambeti akaleta maandishi: *Komredi Runji, Mtu wa Watu Wote.* Mama akaruka. "Wote? Na mimi nilikuwa wapi?" Akaapa jiwe hilo halitapita langoni kwake. Sisi watoto hatukushangaa; tunakujua na tunamjua.

Wambeti akaanza kulia. "Mama Mukami, utusikie. Mkutano uwe moto namna gani, saa kumi na moja jioni ikifika Komredi alikuwa anasimama. Alisema, 'Naenda kumchemshia Igoki maji ya kuoga.' Hata siku tuliyopigia kura mashine, alituacha. Wanaume walimcheka. Sisi wanawake tulikuonea wivu."

 Mama akajifuta macho kwa leso.

"Andikeni mnavyotaka," alisema. "Lakini hapo kando yake kuna nafasi ya mtu mmoja. Hiyo haigawanywi."

Jiwe litawekwa Jumamosi saa nne asubuhi, baada ya ibada, nyumbani Kanja. Wote mnakaribishwa.

Unakumbukwa na mkeo Igoki, wanao Mukami na Njeru, mkwe wako Sheila, mjukuu wako Njura, ndugu yako Muchangi, na wanakikundi.

Tutakukumbuka siku zote, Baba. Mama amesema tuandike kwamba yeye ndiye wa kwanza.