Maombolezo ya Mzee Aliyekuwa Shambani

Anti Joyness, nakuandikia nikiwa bado siamini yaliyotokea, naomba unishike mkono. Mimi ni mshairi wa hapa Iringa mjini, nimeshatoa vitabu viwili, na kila Jumamosi nafundisha uandishi kwenye ukumbi wa parokia, na mwanafunzi wangu bora kuliko wote ni Tusekile, binti wa Kinyakyusa ambaye baba yake, mzee Asukile, analima mpunga Ubaruku. Mwezi uliopita niliwapa zoezi, andika maombolezo ya mtu unayempenda ambaye bado yuko hai, kisha uyasome kwa sauti kama mfiwa. Tusekile akamwandikia baba yake, akajirekodi akisoma huku analia kweli, na kwa kuwa huwa nawaambia kwamba shairi halitolewi maelezo, akalituma kwenye grupu la ukoo bila neno lolote la utangulizi, akaingia darasani kwangu, ambako simu huzimwa.

Anti, ukoo ulisikia msiba. Simu ya mzee haikuwa na chaji, yeye mwenyewe yuko majarubani kwenye mpunga wake, ndugu wakatoka Mbeya na Tukuyu na mchele na kuni, turubai likafungwa, kina mama wakakaa chini wanalia, na jioni mzee akatokea na jembe begani akauliza, "Nani amekufa hapa kwangu?" Mama mdogo wa Tusekile alizimia. Mzee alipoelezwa jinsi binti yake alivyomsifu akasema tu, "Maneno mazuri hivyo, mpaka nife?" akaingia ndani, na tangu siku hiyo hataki kuongea naye. Kaka zake Tusekile wamelifuta lile shairi kwenye grupu, wamemkataza kuandika, wanasema mwalimu wake ni mchawi. Mimi nimefunga darasa. Je, niache kufundisha?

Sedekia, Iringa

Sedekia, barua yako nimeisoma nimeziba mdomo kwa mkono. Mtu anatoka shambani kwake anakuta analiliwa! Pole, na pole zaidi imfikie huyo mama mdogo. Lakini wewe, kaka yangu, umemfundisha mtoto wa watu kulia kama mfiwa, ukamkataza kueleza, ulitegemea nini? Huku kwetu msiba ukisikika watu hawaulizi maswali, wanabeba mchele.

Habari za kuacha kazi ziweke pembeni, maana hapo unajiulizia wewe. Mzee ameuliza kama maneno mazuri ni mpaka afe, na hakuna aliyemjibu. Ninyi mmesikia hasira. Mimi nimesikia baba ambaye hajawahi kuambiwa na mwanawe kwamba anapendwa. Na ukoo mzima umelisikia shairi hilo isipokuwa yeye.

Jumamosi hii panda basi na Tusekile mwende Ubaruku. Mpe mzee shikamoo yake, umwombe radhi mbele ya hao kaka, useme zoezi lilikuwa lako. Kisha Tusekile akae karibu na baba yake amsomee lote, mwanzo hadi mwisho. Akilia, mwache alie. Wewe kaa kimya, na mizani ikipotea usimsahihishe.